Mahali pa Kuwekea Jeki: Fizikia ya Uvungu wa Gari

Kakese ni kata mojawapo ya Manispaa ya Mpanda, katika Mkoa wa Katavi, na wengi wa wakazi wake ni wakulima wa mpunga. Mvua za sehemu hiyo kwa kawaida huanza mwezi wa Novemba na kuendelea hadi Aprili. Katika miezi hiyo udongo mzito wa mabonde ya mpunga, ambao wakati wa kiangazi huwa mgumu na wenye nyufa, hunywa maji ukawa laini. Gari linalopata pancha katika njia ya mashambani wakati kama huo humkabili dereva wake kwa swali linaloonekana jepesi: jeki iwekwe wapi?

Swali hilo lina sehemu mbili, kwa kuwa jeki ina ncha mbili. Ncha ya juu hukutana na chuma cha gari. Ncha ya chini hukutana na ardhi. Uzito wa mamia ya kilo hupita katikati yake, na mahali unapopitia ni padogo kuliko kiganja cha mtu. Chuma kikibonyea, au ardhi ikititia, gari huanguka, na aliye uvunguni hana nafasi ya kukimbia. Kwa hiyo mahali pa kuwekea jeki si jambo dogo la kuachiwa bahati. Ni suala la uhai, na kanuni zake zimo katika vitabu vya fizikia vya shule za sekondari.

Kanuni hizo huonekana waziwazi katika magari ya zamani ya michezo, yaani yale mepesi na ya mwendo wa kasi, ambayo wenyewe hulazimika kuyarekebishia mahali pa jeki. Magari ya namna hiyo ni adimu katika Mkoa wa Katavi. Lakini umbo la bodi zao ndilo umbo la magari madogo yanayobeba abiria katika mikoa yote ya Tanzania leo. Na fundi anayeelewa la kwanza ameelewa pia la pili.

Gari lenye fremu na gari lisilo na fremu

Lori, na gari kama Land Rover ya zamani, limejengwa juu ya fremu, ambayo mafundi wengi huiita chesesi. Hizi ni boriti mbili ndefu za chuma kinene zilizounganishwa kwa vipande vya kukingama, mithili ya ngazi iliyolazwa. Bodi hufungwa juu ya fremu hiyo kwa boliti. Gari la namna hiyo likihitaji kuinuliwa, fundi huweza kuiweka jeki chini ya boriti au chini ya ekseli bila hofu kubwa, maana chuma cha hapo ni kinene na kimekusudiwa kubeba mzigo.

Magari mengi madogo, pamoja na magari mengi ya michezo, hayana fremu ya peke yake. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Mabati yenye unene wa milimita 1 hivi hukunjwa yakawa masanduku marefu yaliyo wazi ndani, kisha masanduku hayo huunganishwa na sakafu, nguzo za milango na paa. Sanduku muhimu kuliko yote kwa habari ya jeki ni lile lipitalo chini ya mlango, kutoka gurudumu la mbele hadi gurudumu la nyuma. Katika makala haya litaitwa kizingiti.

Nguvu ya kizingiti haitokani na unene wa bati bali na umbo lake. Debe tupu linatoa mfano mzuri. Likisimamishwa wima, mtu mzima huweza kulikalia. Lakini kidole gumba kikisukumwa katikati ya ubavu wake, bati hubonyea mara moja. Bati ni lile lile. Tofauti ni kwamba katika hali ya kwanza mzigo umegawanywa juu ya kingo zote na kupita ndani ya kuta zilizosimama. Katika hali ya pili umekusanywa mahali pamoja, penye ubapa, mbali na kingo. Kwa sababu hiyo watengenezaji huchagua sehemu maalumu za kizingiti, kwa kawaida nyuma kidogo ya gurudumu la mbele na mbele kidogo ya gurudumu la nyuma, wakaziongezea bati la ndani. Hapo tu ndipo jeki inaporuhusiwa.

Funzo la mashindano ya Safari

Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika, na ambayo baadaye yalijulikana ulimwenguni kwa jina la Safari. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa sikukuu ya Pasaka, majira ya mvua za masika, na tope likawa mshindani mwenzao madereva. Mwaka 1971 mshindi alikuwa Edgar Herrmann, na mwaka 1973 alikuwa Shekhar Mehta. Wote wawili waliendesha Datsun 240Z, gari la michezo la Japani ambalo uzito wake wa kiwandani haukupita sana kilo 1,000 na ambalo bodi yake ndiyo mifupa yake. Tangu mwaka 2003 yamekuwapo pia mashindano ya magari ya zamani, yanayofuata njia za Kenya na kwa miaka kadhaa zile za Tanzania. Yale ya mwaka 2011 yalishindwa na Björn Waldegård wa Sweden kwa Porsche 911.

Gari la mashindano huinuliwa mara nyingi kuliko gari la kawaida, tena kwa haraka, gizani, na juu ya ardhi yoyote ile. Mahali pa jeki palipokusudiwa kutumika mara chache kwa mwaka, juu ya barabara ya lami, hapawezi kustahimili kazi hiyo. Isitoshe, gari la mashindano huwa na springi ndefu. Jeki inapoinua bodi, gurudumu halitoki ardhini papo hapo. Springi hunyooka kwanza, na bodi hulazimika kupanda sana kabla tairi haijaning'inia. Hivyo jeki hufanya kazi ikiwa imerefushwa, na jeki iliyorefushwa huyumba kwa wepesi zaidi.

Umri nao huleta adui mwingine, yaani kutu. Porsche 911 za miaka hiyo, na MGB ya Uingereza, zilikuwa na tundu ubavuni ambamo ulimi wa jeki uliingizwa. Tundu la namna hiyo li karibu na ardhi. Hupokea maji na tope kutoka kwenye magurudumu, na kizingiti kilicho wazi ndani huyahifadhi yasikauke. Kutu huanzia ndani, mahali pasipoonekana, huku rangi ya nje ingali inang'aa. Magari mengi ya zamani hupoteza mahali pa jeki kabla ya kupoteza sehemu nyingine za bodi.

Hesabu ya kanieneo

Kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo inalolikandamiza. Na ichukuliwe kwamba gari lina tungamo la kilo 1,000, yaani uzito wa newtoni 10,000 hivi, na kwamba jeki iliyowekwa kwenye pembe moja ya gari inabeba newtoni 3,600. Mzigo huo haubadiliki kwa kubadili kichwa cha jeki. Kinachobadilika ni eneo.

Katika magari mengi, mabati ya kizingiti huunganishwa kwa pindo jembamba linaloning'inia chini kama mdomo. Pindo hilo likiwa na unene wa milimita 3, na kichwa cha jeki kikaligusa kwa urefu wa sentimita 4, eneo la kukutana ni sentimita za mraba 1.2 tu. Kanieneo itakuwa paskali 30,000,000. Jeki ya kiwandani ina mfuo katika kichwa chake ili pindo lizame ndani na mzigo ubebwe na mabega ya sanduku pande zote mbili. Jeki ya gereji yenye kichwa bapa haina mfuo. Huusukuma mzigo wote juu ya pindo, likapinda upande, na gari likateleza.

Sasa na ichukuliwe kwamba kipande cha bamba la chuma chenye upana wa sentimita 10 kila upande kimewekwa kati ya jeki na sanduku. Eneo limekuwa sentimita za mraba 100, na wastani wa kanieneo umeshuka hadi paskali 360,000. Hii ni pungufu ya mara 83 hivi. Hakuna chuma cha ajabu kilichotumika wala mashine ya gharama. Mzigo umegawanywa tu.

Namna ya kuparekebisha

Kutokana na hesabu hiyo, mtu angeweza kudhani kwamba kazi imekwisha kwa kubandika bamba popote palipo wazi. Sivyo. Bamba lililochomelewa katikati ya bati bapa hulibonyeza bati zima badala ya kulitoboa. Kani lazima ipelekwe hadi kwenye kuta zilizosimama. Rula ya mbao huonyesha sababu: ikilazwa bapa hupinda kwa kidole kimoja, ikisimamishwa juu ya ukingo wake haipindi kwa mkono mzima. Kwa hiyo bamba jema ni lile ambalo kingo zake zinafika kwenye mikunjo ya sanduku, na mara nyingi huongezewa vipande vya pembetatu vinavyoliunganisha na ukuta wa pembeni.

Kazi yenyewe hufuata utaratibu. Kwanza, fundi hugongagonga bati kwa nyundo ndogo na kulikwangua mpaka chuma safi kionekane. Palipooza kwa kutu hukatwa pakaondolewa, kwa kuwa bamba jipya lililoshikizwa juu ya kutu halishiki kitu. Pili, hutafuta mahali palipo karibu na zilipofungwa springi na mikono ya magurudumu, maana hapo ndipo bodi ilipokusudiwa kupokea uzito. Tangi la mafuta, bakuli la oili la injini, mabomba ya breki na sakafu tupu si mahali pa jeki hata siku moja. Tatu, kabla ya kuchomelea, betri hufunguliwa, mazulia na povu la viti huondolewa upande wa pili wa bati, na mabomba ya mafuta husogezwa. Ndoo ya mchanga au kizima-moto huwekwa karibu. Nne, uchomeleaji hufanywa kwa vipande vifupi vyenye kupumzishwa, kwa sababu bati la milimita 1 hutoboka na kupindapinda likipashwa moto mfululizo.

Jambo la tano husahauliwa mara nyingi. Moto wa kuchomelea huunguza rangi ya ndani ya sanduku, na kati ya bamba na bati hubaki mwanya ambamo maji hujificha. Kingo zote hazina budi kuzibwa, rangi ya kuzuia kutu inyunyizwe ndani, na vitundu vya kutolea maji viachwe wazi sehemu ya chini. Marekebisho yasiyozingatia jambo hilo huonekana imara kwa misimu michache, kisha huvunjika bila kutoa onyo.

Baadhi ya magari ya mashindano hutumia njia nyingine. Bomba la chuma lenye ukuta mnene hupitishwa ndani ya kizingiti na kuchomelewa kwenye kuta zake, mdomo wake ukatokeza ubavuni. Jeki yenye ulimi wa chuma huingizwa humo kutoka kando. Faida zake ni mbili. Fundi husimama nje ya gari badala ya kutambaa uvunguni katika tope. Na hakuna kitu kinachoning'inia chini ya gari ili kigongwe na mawe ya njiani.

Jeki huvutwa kando

Kuna hatari moja ambayo bamba peke yake haliiondoi. Ubavu mmoja wa gari unapoinuliwa, gari halipandi wima kama ndoo ya kisima. Huzunguka juu ya magurudumu ya upande wa pili, kama mlango unavyozunguka juu ya bawaba. Basi mahali pa jeki hupita katika tao la duara, na tao hilo huelekea ndani.

Hesabu yake ni ya Pythagoras. Mahali pa jeki pakiwa mita 1.5 kutoka magurudumu ya upande wa pili, na sentimita 20 kutoka ardhini, kisha pakainuliwa hadi sentimita 50, umbali wa mlalo hupungua kutoka mita 1.5 hadi mita 1.43 hivi. Kichwa cha jeki kimevutwa ndani kwa sentimita 7. Jeki yenye magurudumu, juu ya sakafu ya saruji, hujisogeza yenyewe ikafuata mvuto huo. Jeki iliyokita katika udongo haiwezi kusogea, huinama. Na mzigo unaopita nje ya kitako cha jeki huiangusha.

Kwa ajili hiyo mahali pa jeki palipotengenezwa vizuri huwa na kikombe kidogo au tundu linalopokea kichwa cha jeki, ili kisiteleze wakati pembe inapobadilika. Kwa ajili hiyo pia gari huinuliwa kwa kiasi cha haja tu, na magurudumu yaliyobaki ardhini hutiwa kabari. Dereva asitegemee breki ya mkono peke yake: katika magari mengi hukamata magurudumu ya nyuma tu, na hayo yakiinuliwa yote mawili, gari halina kizuizi.

Ncha ya chini: udongo wa Kakese

Yaliyosemwa kuhusu bati ni kweli pia kwa ardhi. Kitako cha jeki ndogo chenye sentimita 10 kwa 12 kina eneo la sentimita za mraba 120. Kwa mzigo ule ule wa newtoni 3,600, kanieneo juu ya udongo ni paskali 300,000. Wahandisi wa ujenzi huhesabu kwamba udongo laini wa mfinyanzi haufai kupewa zaidi ya paskali 75,000. Jeki hiyo basi inaudai udongo uliolowa mara nne ya uwezo wake, na haishangazi kwamba huzama kabla gari halijapanda.

Ubao wa sentimita 30 kwa 40 ukiwekwa chini ya jeki, eneo huwa sentimita za mraba 1,200 na kanieneo hushuka hadi paskali 30,000. Mtu mwenye uzito wa newtoni 600 anaposimama kwa mguu mmoja, ambao unyayo wake una eneo la sentimita za mraba 150, huikandamiza ardhi kwa paskali 40,000. Hapa fundi anapata kipimo kisicho na gharama: mahali ambapo unyayo wa mtu anayesimama kwa mguu mmoja hautopei, pana matumaini kwamba ubao huo nao hautatopea. Lakini ubao uwe mnene. Ubao mwembamba hupinda katikati, pembe zake zikanyanyuka, na eneo linalobeba likawa dogo tena.

Pamoja na hayo yote, jeki ni chombo cha kuinulia, si cha kushikilia. Kabla ya mtu kuingiza hata mkono uvunguni, gari lazima literemshwe juu ya stendi za chuma zenye vitako vipana, nazo ziwekwe juu ya mbao. Tofali halifai kazi hiyo. Tofali hubeba mzigo mkubwa uliotandazwa sawasawa juu yake, lakini likibanwa mahali pamoja hupasuka ghafla, bila kupinda kwanza wala kumwonya mtu.

Majaribio ya darasani

Walimu wanaweza kuyaonyesha haya kwa vitu vilivyopo. Karatasi bapa iwekwe kama daraja kati ya vitabu viwili na kupakiwa sarafu moja moja. Kisha karatasi ya namna ile ile ikunjwe kuwa sanduku refu na kupakiwa tena. Wanafunzi wahesabu sarafu na kueleza tofauti. Kwa jaribio la pili, beseni lijazwe udongo wa shamba la mpunga uliolowa. Kopo lenye kokoto liegemezwe juu ya kijiti, halafu juu ya kijiti kilichosimama katika kipande cha ubao, na kina cha kuzama kipimwe kwa rula. Kwa jaribio la tatu, kipande cha kadi kipigiliwe pini pembeni mwake na kuzungushwa, huku penseli ikichora njia ya nukta moja. Sentimita ambazo nukta imesogea kando zilinganishwe na jibu la Pythagoras.

Mwanafunzi aliyeyafanya majaribio hayo anaweza kwenda katika gereji iliyo karibu na kuangalia kwa macho mapya. Ataona pindo lililolala upande, kizingiti kilichobonyea, au bamba lililobandikwa penye ubapa, na atajua sababu ya kila kimoja. Ajue pia la kufanya kabla ya yote. Akiona mtu yumo uvunguni mwa gari lililosimama juu ya jeki tupu, amwite atoke kwanza. Maelezo ya fizikia yatafuata baadaye.